Upande Usioandikwa: Namna ya Kupata Mzingo wa Kiwanja, Shamba na Nyumba Yenye Kona Nyingi
Matini ya mazungumzo na wananchi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi



Katika vifaa vyote vya kupimia, unaofahamika zaidi kwa watu wa mikoa ya kusini ni mzani. Unapofunguliwa msimu wa ufuta, na baadaye msimu wa korosho, mkulima anayefikisha magunia yake kwenye chama cha msingi husimama kando ya mzani na kuutazama mpaka namba itulie. Akiona shaka huuliza, na akiuliza hujibiwa. Hiyo ni haki yake, nasi tunafurahi kila tunapoona ikitumika.

Lakini fedha hizo za ufuta na korosho zikishalipwa, nyingi huenda kwenye uzio, msingi, bati na mbao. Huko mkulima yuleyule hukutana na kipimo cha pili, nacho ni mita. Hapo ulinzi wake hulegea. Fundi huzunguka kiwanja na futi kamba, huandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi, kisha hutaja jumla. Mwenye kiwanja huitikia. Mtu asiyekubali kilo moja ya korosho ipotee kwenye mzani hukubali mita arobaini zisizokuwepo, kwa sababu tu hajui zimetoka wapi.

Leo basi tumechagua kuzungumza jambo moja, nalo ni namna ya kuupata urefu wa upande ambao haukuandikwa kwenye mchoro, na namna ya kuupata mzingo wa umbo ambalo si mstatili mtupu. Mliosoma darasa la sita na la saba mtalikumbuka. Wasiolikumbuka wasiwe na hofu, kwani hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa tu.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mzingo ni urefu wa mstari unaolizunguka umbo mpaka urudi ulipoanzia. Eneo ni ukubwa wa nafasi iliyomo ndani ya mstari huo. Seng'enge, nguzo, msingi na ubao wa ukingoni mwa paa hununuliwa kwa kufuata mzingo. Trekta, mbegu na vibarua vya palizi hulipwa kwa kufuata eneo. Anayekuuzia kitu cha mzingo kwa hesabu ya eneo, au cha eneo kwa hesabu ya mzingo, amekupeleka njia isiyo yako, hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Viwanja na mashamba yetu ni nadra kuwa mstatili kamili. Baba hukata kona ya shamba akampa mwanawe anayeoa. Njia ya kwenda kisimani huachwa wazi. Makaburi ya wazee huachwa nje ya mpaka. Nyumba nayo huongezewa chumba mwaka huu na baraza mwaka ujao. Matokeo yake ni umbo lenye kona sita, nane au zaidi, na kwenye karatasi ya fundi aghalabu pande kadhaa hazina tarakimu, kwa kuwa aliona haina haja ya kuzipima zote.

Chukueni kijiti mchore chini pamoja nasi. Kiwanja kinaanzia kona A, kando ya barabara. Tembea kuelekea mashariki mita 40 ufike kona B. Geuka kaskazini utembee mita 18 ufike kona C. Hapo kuna kona ambayo mwenye kiwanja alimpa mwanawe, kwa hiyo unageuka magharibi mpaka kona D, lakini urefu haukuandikwa. Kutoka D unageuka tena kaskazini mpaka kona E, na urefu huo nao haukuandikwa. Kutoka E unakwenda magharibi mita 22 ufike kona F. Mwisho unageuka kusini, unatembea mita 30, na umerudi A.

Kwenye karatasi mna tarakimu nne: 40, 18, 22 na 30. Pande ni sita. Je, mzingo ni mita ngapi?

Tumekutana na majibu ya namna mbili yasiyo sahihi, na yote mawili hugharimu fedha. Jibu la kwanza ni kujumlisha zilizoandikwa na kunyamazia zisizoandikwa: 40 na 18 na 22 na 30, jumla 110. Anayekwenda dukani na jibu hilo atapungukiwa mita 30 za uzio. Ataligundua hilo siku nguzo zimekwisha kusimama, na fundi anasubiri kwa malipo ya siku.

Jibu la pili ni la mtu anayejiona mwangalifu zaidi. Huligawa umbo katika mistatili miwili, mmoja wa mita 40 kwa 18, mwingine wa mita 22 kwa 12. Hutafuta mzingo wa kila mmoja, yaani 116 na 68, kisha hujumlisha na kupata 184. Kugawa namna hiyo ni sahihi kabisa unapotafuta eneo. Unapotafuta mzingo ni kosa, kwa sababu mstari unaoitenga mistatili hiyo miwili umo ndani ya kiwanja. Hakuna atakayejenga uzio hapo, lakini mita zake 22 zimehesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila mstatili. Zidio ni mita 44. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba fundi anatoza shilingi 6,000 kwa mita moja ya uzio. Mita 44 za hewa ni shilingi 264,000.

Jibu sahihi hupatikana kwa kanuni moja ambayo mtu anayetembea kwa miguu anaijua tangu utotoni. Ukitoka mahali ukarudi papo hapo, kila hatua uliyokwenda mashariki umeirudisha magharibi, na kila hatua uliyokwenda kaskazini umeirudisha kusini. Vinginevyo hujarudi ulipoanzia.

Tuitumie. Katika kiwanja chetu, kwenda mashariki ni mara moja tu: mita 40. Basi kurudi magharibi kote ni lazima kuwe mita 40. Kipande kimoja cha kurudi ni mita 22, kutoka E hadi F. Kilichobaki, kutoka C hadi D, ni 40 kutoa 22, yaani mita 18. Vivyo hivyo, kurudi kusini ni mara moja tu: mita 30. Kwenda kaskazini ni mita 18 na kipande cha D hadi E, kwa hiyo kipande hicho ni 30 kutoa 18, yaani mita 12. Sasa pande zote sita zina tarakimu: 40, 18, 18, 12, 22 na 30. Jumla yake ni mita 140.

Tazameni jambo moja. Mita 140 ni sawasawa na mzingo wa mstatili mzima wa mita 40 kwa 30, kabla ya kona kukatwa. Mwenye kiwanja amempa mwanawe kipande cha mita 18 kwa 12, yaani mita za mraba 216, na uzio wake haukupungua hata sentimita moja. Wengi hulikataa jambo hili mpaka walitembee kwa miguu. Kona ilipokatwa, pande mbili za zamani zilisogea ndani tu, hazikufupishwa. Kwa hiyo, kwa umbo lililokatwa kona moja kwa pembe mraba, huna haja hata ya kuzitafuta pande zilizofichika. Jumlisha urefu mzima na upana mzima, kisha zidisha kwa mbili.

Upande wa pili wa jambo hilo unamhusu anayenunua ardhi. Kwa kuwa mzingo haukupungua, kiwanja kilichokatwa kona huonekana kwa mzungukaji ni kikubwa kama kile kizima. Muuzaji anayekuzungusha kwenye mipaka na kukuambia "umeona mwenyewe ukubwa wake" hakukuonyesha ukubwa. Amekuonyesha mzingo. Kiwanja chetu kina mita za mraba 984, si 1,200. Tunasisitiza pia kwamba hesabu hizi ni za kumlinda mnunuzi asilipe asichopewa. Mpaka wenyewe huwekwa na mpima ardhi mwenye sifa, na jiwe la mpaka halihamishwi kwa hoja ya kijiti na mchanga.

Turudi kwenye uzio wetu. Mzingo ni mita 140. Geti ni la mita 4, basi seng'enge itapita mita 136. Kwa nyuzi tano, ni mita 680. Ikiwa lebo ya bunda inasema mita 200, unahitaji mabunda manne, na utabakiwa na mita kama 120, ukitoa chache za kufungia. Aliyepata mzingo wa 110 angenunua mabunda matatu na kukwama. Aliyepata 184 angenunua matano. Nguzo nazo, zikisimama kila baada ya mita 2, ni 70, kwa kuwa pande zote sita hugawanyika kwa 2 bila baki. Hapa wengi huongeza nguzo moja ya mwisho. Uzio unaozunguka hauna mwisho. Nguzo ya mwisho ndiyo ya kwanza. Uzio wa mstari mmoja ulionyooka, kwa mfano kando ya barabara tu, ndio unaohitaji ile moja ya ziada. Geti la mita 4 likianzia kwenye nguzo na kuishia kwenye nguzo, huondoa nguzo moja ya katikati, zikabaki 69.

Umbo lililokatwa kona limekwisha. Sasa tuje kwenye umbo ambalo kanuni yake ya mkato ni tofauti, nalo ni lile lililobonyea katikati ya upande. Wanaojenga nyumba zenye uwazi wa nyuma, wa jiko au wa kuanikia, walisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo wanaojua kanuni ya kwanza hukosea.

Nyumba ina upana wa mbele mita 14. Ubavu wake ni mita 10 kila upande. Nyuma, katikati, kuna uwazi wa upana wa mita 4 ulioingia ndani mita 3. Kipande cha ukuta wa nyuma kilicho kulia kwa uwazi ni mita 5. Kile cha kushoto hakikuandikwa. Kwa kanuni ya kwenda na kurudi: mashariki ni 14, magharibi ni 5 na 4 na kisichojulikana, basi kisichojulikana ni 5. Sasa zungukeni: 14, 10, 5, kisha 3 za kuingia ndani, 4 za kuvuka, 3 za kutoka nje, kisha 5 na 10. Jumla ni mita 54.

Mstatili mzima wa mita 14 kwa 10 una mzingo wa mita 48. Zimeongezeka 6. Ni zile 3 za kuingia na 3 za kutoka. Katika kona iliyokatwa hakuna kuingia na kutoka. Kuta zimesogea tu. Katika upande uliobonyea, kina cha bonyeo huhesabiwa mara mbili juu ya mzingo wa mstatili mzima. Upana wa bonyeo hauongezi wala kupunguza chochote.

Katika mfano huu mwenye kukosea huwa ni mwenye nyumba, na anayedhulumiwa ni fundi. Fundi aliyechimba msingi wa kuta za nje mita 54 anastahili malipo ya mita 54. Mwenye nyumba anayezidisha 14 na 10 kwa mbili na kusema "mimi najua hesabu, ni 48" amemnyima mita 6 za jasho. Kipimo sahihi hakina upande.

Kuna pia mambo ambayo hesabu haiwezi kuyafanya. Katika nyumba hiyo, kama zile mita 3 za kina hazikuandikwa popote, hakuna ujanja wa kuzipata kutoka kwenye tarakimu nyingine. Hapana budi mtu ashike futi kamba akapime. Lakini kama kilichokosekana ni upana wa uwazi na kile kipande cha kushoto, hutaweza kujua kila kimoja ni mita ngapi, ila utajua kwamba vikiunganishwa ni 9, na mzingo utaupata bila tatizo. Vilevile kwa shamba ambalo mpaka wake mmoja unashuka kwa vidaraja kama ngazi, kwa sababu kila jirani aliishia mahali pake. Vidaraja viwe vitatu au kumi, navyo visiwe vimepimwa hata kimoja. Maadamu vyote vinashuka kuelekea upande mmoja na kona zake ni mraba, mzingo ni uleule wa mstatili mzima.

Sharti hilo la kona mraba ndilo msingi wa yote tuliyosema, na hatupendi mlipite kwa haraka. Kama kona zimepinda, kwenda mashariki si kwenda mashariki tena, na hesabu yetu huharibika. Namna ya kuihakiki kona mafundi wanaijua: pima kutoka kwenye kona mita 3 upande mmoja, uweke alama, pima mita 4 upande wa pili, uweke alama, kisha pima kutoka alama hadi alama. Zikiwa mita 5 kamili, kona ni mraba. Zikizidi, kona imefunguka. Zikipungua, imejibana. Mwenye nyumba asione haya kumwomba fundi aifanye kazi hiyo mbele yake, kabla chokaa ya alama za msingi haijamwagwa.

Barabara ikipita kwa mshazari na kukata kona ya shamba, kanuni ya kona iliyokatwa haitumiki, kwa kuwa mshazari ni njia ya mkato na hufupisha mzingo. Tuseme mshazari umeondoa mita 30 upande mmoja na mita 40 upande wa pili, kwenye kona iliyokuwa mraba. Badala ya mita 70 za zamani sasa kuna mita 50 za mshazari. Hizo ni zile tatu, nne na tano zilizozidishwa kwa kumi. Mzingo umepungua mita 20. Pale ambapo tarakimu si rahisi namna hiyo, pima mshazari wenyewe, usiukadirie kwa macho.

Sasa ekari. Katika vijiji vyetu ekari moja ni hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho si cha kubuniwa tu. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047, na mraba wenye eneo hilo una upande wa mita 63 na nusu hivi. Hatua ya mtu ikiwa sentimita 90, hatua 70 ni mita 63. Ugomvi ni hatua ya nani. Hatua ya sentimita 75, ambayo ni ya kawaida kwa mtu asiyejilazimisha, hutoa upande wa mita 52 na nusu, na eneo la mita za mraba 2,756. Hiyo ni kama theluthi mbili ya ekari. Anayekodi shamba la ufuta kwa hatua hizo analipa ekari tatu na kulima mbili. Hatua ya mita nzima, kwa upande wake, hutoa mita za mraba 4,900, na hapo aliyekodisha ndiye aliyepoteza. Kamba iliyopimwa mita 10 kwa uhakika, yenye fundo kila mita, humaliza ubishi huo kwa gharama ya kamba.

Na msikubali mzingo uwe ushahidi wa eneo. Ekari iliyo mraba ina mzingo wa mita 254. Lakini shamba la mita 87 kwa 40 nalo lina mzingo wa mita 254, na eneo lake ni mita za mraba 3,480 tu. Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka, au walisimuliwa, Mpango wa Karanga wa wakoloni ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Waliuchora kwa mashamba ya ekari 30,000 kila moja. Shamba la ukubwa huo likiwa mraba lina upande wa kilomita 11, na ukilizunguka ni kilomita 44. Likivutwa likawa utepe wa upana wa kilomita 2, eneo ni lilelile, lakini kulizunguka ni kilomita 125. Kilichouangusha mpango ule hakikuwa mzingo. Tumeutaja kwa sababu ni mfano mkubwa uliopo mlangoni kwenu.

Kwa wanaojenga, yapo mambo mawili yanayohusu ukingo. La kwanza ni paa. Ubao wa ukingoni, ambao mafundi huuita fisha bodi, na mifereji ya kukinga maji ya mvua haifuati ukuta, bali ukingo wa paa uliotokeza nje. Paa likitokeza sentimita 60 pande zote, mzingo wake ni ule wa kuta, ukiongeza mara nane ya sentimita 60, yaani mita 4 na sentimita 80. Nyumba yetu ya mita 54 itahitaji mita 58 na sentimita 80 kabla ya mbao za kuungia. Mara nane hiyo haibadiliki, nyumba iwe na kona nne, sita au nane, ilimradi kona zote ni mraba na paa linafuata umbo la kuta. Kila kona inayotokeza nje huongeza utokezo mara mbili, kila kona inayoingia ndani huupunguza mara mbili, na katika umbo lolote la namna hii kona za nje huzizidi za ndani kwa nne. Hesabuni kona za nyumba yetu: za nje sita, za ndani mbili.

La pili ni kinyume chake, nalo ni uzio unaojengwa ndani ya mpaka. Ukiusogeza mita 1 ndani pande zote, mzingo hupungua mita 8. Kiwanja chetu cha mita 140 kitakuwa na uzio wa mita 132. Fundi akikuhesabia mpaka huku akijenga ndani yake, muulizeni kuhusu mita hizo 8.

Tumalizie na futi kamba na lebo. Futi kamba iliyokatika mwanzoni hutumika sana. Fundi huanzia kwenye alama ya 10. Si vibaya, ila sentimita 10 zitolewe kila kipimo, si mara moja mwishoni. Kwa pande sita zilizopimwa kila mmoja kwa mkupuo mmoja, ni sentimita 60. Futi kamba ya kitambaa iliyovutika husoma pungufu. Kwenye mteremko, uzio hufuata ardhi, nao huwa mrefu kuliko mchoro wa kiwanja. Pimeni kwa kufuata ardhi mnapopimia uzio.

Kuhusu lebo, kujua mzingo wako humpa muuzaji sababu ya kuwa mwaminifu. Katika mfano wetu, mabunda manne ya mita 200 yangekubakishia mita kama 120. Tuseme mabunda yale kwa kweli yalikuwa na mita 180 kila moja. Jumla yake ni mita 720, uzio ungetimia, na wewe usingegundua lolote, isipokuwa ungebaki na mita 40 badala ya 120. Asiyejua kwamba alipaswa kubaki na 120 huzikunja zile 40 kwa furaha. Kwa hiyo masalio nayo yapimwe kabla ya kuwekwa ghalani.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka bidhaa iwe na kiasi kilichoandikwa, na kifaa cha kupimia katika biashara kiwe sahihi na kilichohakikiwa. Ukiona upungufu, usikate bunda la mwisho ambalo bado halijafunguliwa. Lihifadhi pamoja na lebo yake, masalio na risiti, kisha leta malalamiko katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Leta na mchoro wa kiwanja chako, wenye urefu wa kila upande. Bunda lile ambalo halijafunguliwa litapimwa mbele yako na mbele ya muuzaji.